Ndege Inayoanguka Kabla ya Kupaa

Magongo, Mombasa, haikosi ndege. Za kweli hushuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, jirani tu na Barabara ya Magongo, na ratiba yake inajulikana. Kuna nyingine, ndogo, nyekundu, ambayo makao yake ni simu: inaruka kwenye steji za bodaboda, ndani ya malori yanayongoja zamu ya kuingia bandarini, na mfukoni mwa makonda anayepumua kati ya safari mbili. Jina lake ni Aviator. Mchezaji huweka dau, namba ya kuzidishia dau hupanda pamoja na ndege, naye hutakiwa kushuka na malipo yake kabla haijaanguka; akichelewa, dau limepotea. Wanaoicheza ni wengi, wanaoijua ni wachache.

Dhana zinazovuma ni mbili, tena zinapingana. Wenye ya kwanza husema kampuni inamwona mchezaji: anapoweka dau dogo inamwachia ndege ipae, akiweka kubwa inaiangusha. Wenye ya pili husema ndege ina mpangilio: "Imeanguka chini mara tano, bwana, hii ya sita lazima ipae." Wote wamekosea. Ukweli ni wa ajabu kuliko hayo yote, kwamba ndege ile huwa imeshaanguka kabla haijapaa.

Mchezo huu ulitoka mwaka 2019, kazi ya kampuni ya Spribe ya nchini Georgia, kule kwenye milima ya Kaukasi. Kabla ya raundi kuanza, seva hujitungia msururu wa herufi na tarakimu za kubahatisha, unaoitwa mbegu. Mbegu yenyewe hufichwa, ila alama yake huwekwa wazi. Alama hiyo hupatikana kwa kuipitisha mbegu kwenye kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hutoa herufi na tarakimu 64. Badilisha herufi moja tu ya mbegu, na alama yote inageuka. Nayo hairudi kinyumenyume: mwenye alama hawezi kuikokotoa mbegu.

Kisha wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau huchangia mbegu zao, pasipo hata kujua, kwa kuwa simu zao ndizo zinazozituma. Mbegu zote nne huunganishwa na kupitishwa kwenye kanuni nyingine ya aina hiyo, SHA-512. Kinachotoka hugeuzwa kuwa namba moja, tuseme 1.34 au 6.02 au 118.50. Hapo ndipo ndege itakapoangukia, na namba hiyo imekwisha kupatikana kabla ya injini kunguruma. Kinachoonekana kikipanda kwenye kioo ni katuni inayosoma jibu polepole. Raundi ikiisha, mbegu hufichuliwa, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kurudia hesabu na kuona kama alama ya mwanzo ilikuwa ya mbegu hiyo hiyo. Ni kama matokeo yaliyofungwa ndani ya bahasha na kupewa shahidi kabla ya mechi kuanza.

Kwa hiyo wale wanaouza "programu za kutabiri" kwenye Telegram wanauza hewa. Mtabiri angehitaji mbegu ambayo seva haijaitoa, pamoja na mbegu za watu watatu ambao bado hawajaweka dau. Wizi ulio wazi katika biashara hii uko hapo, wala hauhitaji hesabu yoyote ngumu.

Kampuni nayo haina haja ya kumvizia mtu, kwa sababu hesabu imeshaifanyia kazi. Aviator imepangwa kurudisha asilimia 97 ya madau. Katika kila raundi 100, tatu hivi ndege huanguka pale pale, kwenye 1.00, kabla kidole hakijafika popote. Zinazofika mara 2 ni kama 48, mara 10 ni kama 10, na mara 100 ni moja. Chagua unapotaka kushukia: zidisha uwezekano kwa malipo, jibu ni 0.97. Mwoga anayeshuka kwenye 1.20 na jasiri anayengoja 50 wanakatwa sawasawa. Tofauti ni kwamba mmoja analiwa polepole na mwingine kwa mshtuko.

Asilimia tatu inaonekana ndogo, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Haikatwi kwenye pesa ya mfukoni, inakatwa kwenye kila dau. Mchukue kijana wa bodaboda aliyetia shilingi 500. Kwanza serikali inakata ushuru wake, asilimia 5 ya pesa inayoingia kwenye pochi ya kubeti, utaratibu ulioanza Julai 2025. Kisha anaweka dau la 50, anapata, anapoteza, anarudisha tena kile alichopata. Akifikisha raundi 400, na raundi nyingi hazimalizi nusu dakika, atakuwa ameweka madau ya shilingi 20,000. Asilimia tatu ya hizo ni 600, zaidi ya alizoanza nazo.

Kinachomweka mtu pale ni kile kinachotokea baada ya kushuka. Ndege huendelea kupaa ili aone alichokikosa. Mwaka 2009 Luke Clark wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kukosa kwa unywele huamsha sehemu zile zile za ubongo zinazoamshwa na ushindi. Watengenezaji wa sloti, mashine za kamari za magurudumu, wana ujanja wa kuzalisha kukosa kwa aina hiyo tangu 1984, mvumbuzi Inge Telnaes alipopata hataza yake Marekani: gurudumu linaweza kuonyesha vituo 22, huku kompyuta ndani ikihesabu 64, na vituo vitupu vilivyopakana na ushindi vinaweza kupewa nafasi nyingi zaidi. Mchezaji anaona amekaribia, wakati kwenye hesabu hakukaribia kitu.



Serikali ya Kenya nayo imekuwa ikikimbizana na vitu vinavyoonekana. Mwaka 2018 mashine za sarafu zilizojaa madukani zilisakwa na kuchomwa moto. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote kwa siku 30, na Agosti mwaka huo Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Ni hatua nzuri. Lakini shuleni hesabu ya uwezekano bado inafundishwa kwa mipira myekundu na myeupe ndani ya mfuko, mipira ambayo hakuna mwanafunzi wa Magongo atakayekutana nayo tena maishani. Walimu wa hesabu wangeandika matokeo ya raundi 100 za Aviator ubaoni, pasipo dau hata la shilingi, wakawaambia wanafunzi wahesabu ni ngapi zimepita mara 2. Zitakuwa chini kidogo ya nusu, na somo hilo halimalizi hata kipindi kimoja.