Kidani Kina Mwenyewe

Mnunuzi wa sanaa anayetoka Nairobi kwa barabara ya Namanga huanza kukutana na ushanga wa Kimaasai mara tu anapoiacha Kitengela nyuma. Uko kwenye vibanda vya kando ya lami, uko mikononi mwa akina mama wa Bissil, na akifika Namanga mpakani unamfuata wenyewe hadi dirishani mwa gari, bangili zimepangwa kwenye mkono wa mchuuzi kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Rangi zinavutia, bei inazungumzika, na muda si muda ameondoka na kidani. Kidani hicho kinasomeka, na aliyekulia bomani hukisoma kwa kukitupia jicho tu: aliyekivaa ni wa olosho gani, yaani sehemu gani ya Wamaasai, ameolewa au bado, ana mtoto aliyekwisha kutahiriwa au hana. Mnunuzi amelipa, amebeba, na hakusoma hata neno moja.

Kaunti ya Kajiado ni makazi ya iloshon (wingi wa olosho) kadhaa za Wamaasai. Ilkaputiei wako Kitengela na Isinya, Matapato wako upande wa Bissil na Namanga, Iloodokilani wanaelekea Magadi, Ilkisonko wako Loitokitok chini ya Kilimanjaro. Kila olosho ina namna yake ya kupanga rangi, na wanawake wakikutana sokoni hutambuana kwa mpangilio huo kabla hawajasalimiana. Dukani utaambiwa kwamba nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu, kijani ni nyasi. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni ya mlangoni tu. Uzito wa kazi uko kwenye mpangilio: rangi ipi inakaa na ipi, ipi inaingizwa katikati ili kukata mstari mrefu wa rangi moja, na pande mbili zinalingana vipi. Mwaka 1993 watafiti Corinne Kratz na Donna Klumpp waliandika kwa kina jinsi Wamaasai na jirani zao Waokiek wanavyoipima kazi ya ushanga, na jambo linalojitokeza ni kwamba wanawake hawa ni wahakiki wakali. Kidani ambacho rangi zake hazikukatwa inavyostahili ni kibaya, hata kama mgeni atakisifu.

Mitindo nayo haikai. Kila rika jipya la morani huja na wasichana wake, na wasichana hao hawapendi kufanana na dada zao waliotangulia. Ilnyangusi, Iseuri, Ilkitoip, kila rika liliacha alama yake katika mapambo, kwa hiyo mama mwenye umri mkubwa akishika kidani anaweza kukwambia kimetoka enzi zipi bila kuangalia kalenda yoyote. Mkusanyaji anayetafuta tarehe ya kitu angepaswa kuanza kwa mama huyo.

Historia ya biashara hii ina jambo ambalo hupenda kusahaulika. Kabla ya shanga za kioo kufika kwa wingi, mapambo ya Wamaasai yalikuwa zaidi ya chuma na shaba, kazi ya wahunzi walioitwa ilkunono, pamoja na mbegu na ngozi. Shanga zililetwa na misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani, chini ya viongozi kama Jumbe Kimameta, ambao walijua kwamba katika nchi ile mnunuzi ndiye anayeamua. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umaasaini mwaka 1883, aliligundua hilo akiwa Taveta. Alikuwa amebeba shanga kwa maelfu ya nyuzi, kumbe Wamaasai hawakubali ushanga isipokuwa umetungwa kwa urefu wanaoutaka wao. Ikabidi wapagazi wake wakae chini wafumue mizigo na kutunga upya, uzi kwa uzi, kabla msafara haujaweza kuendelea. Na rangi isiyokuwa kwenye mtindo msimu huo hata bure haikuchukuliwa. Kioo kilichomwa Venisi na Bohemia, lakini ladha iliamriwa hapa. Leo gurudumu limegeuka: mgeni ndiye anayechagua rangi, na akina mama wengi hutunga bangili za rangi za bendera na za timu za mpira kwa sababu ndizo zinazotoka.

Kazi yenyewe hufanyika kivulini, mchana, baada ya maji na kuni. Mama hukaa na miguu imenyooka, shanga kwenye kifuniko au bakuli mapajani, waya na uzi pembeni, na mtoto mdogo akimzunguka. Kidani bapa hujengwa kwa kuzungusha mistari ya shanga kwenye waya, mduara nje ya mduara, na kati ya shanga kuna vipande vyembamba vinavyoishikilia mistari ili isipandane. Zamani vipande hivyo vilikatwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Siku hizi hukatwa kwenye mtungi wa plastiki uliopasuka, na uzi wa mshipa umepisha uzi wa nailoni. Pembeni huning'inizwa vibati vya pembetatu, mara nyingi alumini ya sufuria iliyozeeka, ili avaaye asikike anapotembea au kuruka katika ngoma. Vifungo vyeupe vya shati navyo huingia. Mkono uliozoea hautofautishi kilichotoka mbali na kilichotoka jikoni. Hutazama kama kinang'aa na kama kinakaa mahali pake.

Anayetaka kutenganisha kidani cha zamani na cha jana ana mengi ya kumsaidia. Shanga za kioo ni baridi mkononi na zina uzito, na zikigongana hulia kwa sauti kali kuliko plastiki. Shanga za kale hazilingani ukubwa. Ngozi iliyovaliwa miaka mingi imeingia mafuta na udongo mwekundu, ikawa nyeusi upande wa mwili, na harufu yake haiigiziki kirahisi. Haya yote mfanyabiashara wa mjini anayajua, ndiyo maana utakuta kazi mpya iliyopakwa udongo ikauzwa kuwa ya bibi yake.

Udanganyifu wa aina hii si wa Kajiado peke yake, na ninapenda kuutaja kwa sababu ya tofauti moja. Kule Paris, wasanii wa mkondo wa surealisti, Joan Miró na Max Ernst miongoni mwao, walichapa michoro katika karakana ya Stanley William Hayter, Atelier 17. Mchoro ulichongwa au kuliwa kwa tindikali kwenye sahani ya shaba, ukapakwa wino, ukakamuliwa kwenye karatasi. Kwa kuwa sahani moja huzaa nakala nyingi, pakawa na desturi: chini ya mchoro msanii huandika kwa penseli namba ya nakala na jumla yake, kisha hutia saini. Mkusanyaji wa michoro hiyo hukagua namba, karatasi, alama ya maji ndani ya karatasi, na orodha ya walioimiliki kabla yake. Ana sababu. Mwaka 1974 forodha ya Ufaransa ilikamata gari lenye karatasi tupu 40,000 zilizokwisha kutiwa saini ya Salvador Dalí, zikingoja mchoro wowote uchapwe juu yake. Tangu hapo hakuna mwenye akili anayenunua Dalí wa karatasi bila kuuliza maswali.

Mnunuzi wa Nairobi naye amejifunza adabu hiyo. Akitaka chapa ya mbao ya Peterson Kamwathi, au picha ya matatu ya Dennis Muraguri, atauliza nakala ni ya ngapi, ilichapwa lini, na msanii ametia saini wapi. Mtu huyohuyo akifika Namanga anauliza bei tu. Hamwulizi mama jina. Linaniuma hili, kwa sababu mama yule ni msanii na kidani kile hakina nakala.

Na mtu wa kwanza kumtafutia jina ni yule aliyetungiwa. Katika boma, ushanga hutembea kwa kupewa. Mama humtungia mwanawe aliyeingia umorani. Msichana humtungia morani wake, na morani huvaa kazi hiyo mbele ya watu wote, kwa hiyo aibu ya kazi mbovu ni ya wawili. Bibi harusi huondoka kwao akiwa amebeba vidani juu ya vidani, vingi vikiwa mikono ya mama, shangazi na jirani, hata mwendo wake hubadilika. Wamaasai waliopeana ng'ombe dume huacha kuitana majina yao, wakaitana Pakiteng' maisha yao yote. Kitu kilichotolewa huwafunga wawili. Ushanga umo katika hesabu hiyohiyo ya kupeana. Mwezi Septemba 2020, maelfu ya wanaume walipokusanyika katika vilima vya Maparasha, hapahapa Kajiado, kuacha umorani na kuingia uzeeni kwa sherehe ya Olng'esherr, mapambo yaliyoonekana pale hayakutoka kwenye kibanda chochote.

Humo ndimo unapopatikana mpaka ambao mkusanyaji anapaswa kuujua. Kazi nyingi za ushanga zinauzwa kwa halali na kwa heshima: bangili, vidani vya ngoma, rungu zilizovishwa shanga, vibuyu vilivyopambwa. Kuna vingine haviuzwi. Isurutia, pambo la shaba lenye mizunguko, ni la mwanamke aliyeolewa na huonyesha hadhi yake. Emonyorit, vipuli vya minyororo, navyo ni vya ndoa. Orkatar ni bangili ya mwanamume anayoirithi mwana mkubwa baba anapofariki, ikaenda hivyo kizazi kwa kizazi. Kuiona orkatar mikononi mwa mgeni ni kuona kwamba baba wa mtu alinyang'anywa, kwa maana hakuna njia nyingine ya kawaida ya kuitoa katika familia.

Hivyo ndivyo alivyoona Samwel Nangiria, Mmaasai wa Loliondo, Tanzania, alipozuru jumba la makumbusho la Pitt Rivers mjini Oxford mwaka 2017. Alikuta vitu vya watu wake kabatini, baadhi vikiwa na maelezo yasiyo sahihi, na vitano kati yake vilikuwa vya aina isiyopaswa kutoka nyumbani. Hakuondoka kwa hasira. Alirudi na wenzake kutoka Kenya na Tanzania, wazee na wanawake, wakakaa na vitu hivyo, wakasahihisha maelezo, wakaeleza huvaliwa na nani. Lemaron ole Parit, laibon, yaani mganga na mwaguzi wa Kimaasai, aliombwa atafute vilitoka kwa familia zipi, kwa njia za kilaibon. Mwaka 2023 watu wa makumbusho hayo, wakiongozwa na mkurugenzi wao Laura Van Broekhoven, walisafiri hadi kwa familia hizo kufanya suluhu kwa desturi za Kimaasai. Wazungu kukubali ushahidi wa laibon mezani pamoja na daftari la makumbusho ni jambo kubwa, na ninaliona kuwa mojawapo ya mambo ya heshima zaidi yaliyotokea katika ukusanyaji wa vitu vya Afrika.

Wale wasurealisti wa Paris nao walikuwa wakusanyaji wakubwa. André Breton na Paul Éluard waliuza mkusanyo wao wa vitu vya Afrika, Amerika na visiwa vya Pasifiki kwa mnada Paris mwaka 1931, na ukuta wa chumba cha kazi cha Breton, uliojaa vinyago na mawe na michoro, umehifadhiwa na jumba la sanaa la Centre Pompidou. Walipenda kitu kiwashtue, kionekane kimetoka ndotoni. Lakini kitu huonekana cha ndotoni hasa kwa yule asiyemjua aliyekivaa. Kwa binti wa Matapato, isurutia ni mama yake akiingia mlangoni.

Maisha yanawabana wauzaji pia, na sitaki kuwahukumu. Kitengela, iliyokuwa malisho ya Ilkaputiei, ilikuwa na zaidi ya watu 150,000 katika sensa ya 2019. Ardhi imekatwa vipande, nyaya zimezuia mapito, na ukame uliofuata uliua ng'ombe kwa wingi kaunti nzima. Karo ya shule haingoji mvua. Katika kaunti hiyohiyo, pembezoni mwa Mbuga ya Nairobi, kuna karakana za vioo zilizoanza na Nani Croze, aliyehamia huko mwaka 1979. Vioo vya madirisha na chupa kuukuu huyeyushwa vikawa shanga, bilauri na mapambo. Mtu mwenye hamu ya rangi na kioo anaweza kuikata kiu hapo bila kugusa urithi wa nyumba ya mtu.

Anayenunua bomani na aende kwa salamu. Mwanamke husalimiwa takwenya, naye hujibu iko. Mwenye umri wa mama yako ni yeyo, mwenye umri wa bibi yako ni koko. Kaa kwanza, chai ikija unywe. Uliza, "Yeyo, hiki umekitungia nani?" Akisema ni cha soko, patana naye kwa haki, kisha andika jina lake, olosho yake, mahali na tarehe, kwa ruhusa yake, na karatasi hiyo ikae na kidani popote kitakapokwenda. Akisema ni chake, au ni cha mwanawe, usiongeze bei. Na akikutolea isurutia kwa shida ya siku hiyo, ukiwa na uwezo mnunulie unga na umwachie isurutia yake.

Mkusanyaji mkubwa kuliko wote Kenya alizaliwa na mama Mmaasai. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, baba yake alikuwa Mgoa mfanyabiashara. Alikusanya vitabu, stempu, nguo, vinyago na mapambo, na pamoja na Alan Donovan akaanzisha jumba la sanaa la African Heritage, akiamini kwamba vitu hivi vikiondoka vyote watoto wa hapa watalazimika kuvifuata Ulaya. Sehemu ya mkusanyo wake iko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, katikati ya Nairobi. Anayetaka kuanza kukusanya na ashinde huko siku nzima, atazame mikono ya waliotunga, kisha apande matatu ya Kitengela.