Je, Wajua? Chumvi, Magadi na Saruji ya Machakos

JE, WAJUA kwamba chumvi ya mezani imetokana na vitu viwili ambavyo hakuna mwenye akili angevitia kinywani? Sodiamu ni metali laini, hukatika kwa kisu, na ikiguswa na maji huweza kulipuka. Klorini ni gesi ya sumu. Wajerumani waliwafungulia nayo adui zao pale Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 22 Aprili 1915. Vikikutana, atomu ya sodiamu huipa ya klorini elektroni moja. Iliyotoa hubaki na chaji chanya, iliyopokea huwa na chaji hasi, na papo hapo zinavutana. Atomu zenye chaji namna hiyo huitwa ioni, na mvutano wao ndio bondi ya ioni. Nasi chumvi hiyo twainyunyiza kwenye kachumbari.

JE, WAJUA kwamba sodiamu huyeyuka kwa nyuzi 98 za Selsiasi tu, karibu sawa na joto la maji yanayochemka Mombasa, lakini chumvi yake husubiri hadi nyuzi 801? Ndiyo maana sukari ikiungua kikaangoni, chumvi hubaki ilivyo.

JE, WAJUA kwamba ukigonga punje kubwa ya chumvi ya mawe haibonyei, bali hupasuka na kuacha nyuso bapa? Pigo husogeza safu moja ya ioni, chanya ikakabiliana na chanya, hasi na hasi, zikafukuzana. Piga picha ya karibu kwa simu: utaona visanduku vidogo vya pembe mraba.

JE, WAJUA kwamba chumvi kavu haipitishi umeme? Ioni zimeshikana, haziendi popote. Zitie majini zitembee, na umeme utapita. Wapimaji wa visima hutumia hila hiyo: huchovya kijimita, wakasoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, wakajua yana chumvi kiasi gani bila kuonja.

JE, WAJUA siri ya magadi kwenye isyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe? Maganda ya maharagwe hushikiliwa imara na ioni za kalsiamu. Magadi huleta ioni za sodiamu zinazochukua nafasi hizo, ganda likalegea na kuni zikapungua. Usizidishe: magadi huharibu vitamini B1, na ladha ya sabuni haifichiki. Mzigo wenyewe hutoka Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, jirani na Machakos, kwa reli iliyofunguliwa mwaka wa 1915 na kuungana na reli kuu pale Konza.

JE, WAJUA kwamba tanuri ya saruji hufika nyuzi 1,450 hivi? Mawe ya chokaa huanza kuachia kaboni dayoksaidi karibu na nyuzi 900, kisha chokaa iliyobaki huungana na udongo. Basi tanuri yenyewe haiyeyuki kwa nini? Sehemu yake yenye moto mkali hujengewa matofali ya magnesiamu oksaidi. Ioni zake zimepangika sawasawa na za chumvi, ila kila moja ina chaji mbili badala ya moja. Ndiyo maana huyeyuka karibu nyuzi 2,850. Kwangu mimi hakuna somo la bondi ya ioni linaloshinda hilo, na liko Athi River, kaunti ya Machakos, ambako East African Portland Cement imekuwa ikitengeneza saruji tangu 1958.

JE, WAJUA ule ukoko mweupe ndani ya birika la Mlolongo, karibu na Athi River, ni nini? Maji mengi ya visima huko yamebeba ioni zilizoyeyuka kutoka kwenye miamba. Yakichemka, kalsiamu hushikana na kabonati na kuganda ukutani. Kalsiamu hiyohiyo ndiyo huinyima sabuni povu. Kamulia limau: ukoko utatoa povu na kuachia.

JE, WAJUA kwamba si kila ioni huganda hivyo? Floraidi, inayopatikana kwenye visima vingi vya Bonde la Ufa na kandokando yake, haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yanayozidi hapo wakati meno ya ukubwani yanajijenga, meno hutoka na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kuchemsha huua vijidudu, lakini ioni haipandi na mvuke. Maji hupungua sufuriani, floraidi hubaki, na kila kikombe huwa nayo zaidi. Kama nyumba yako inategemea kisima, peleka chupa ya maji hayo maabara ipimwe floraidi kabla mtoto hajaanza kuyanywa.