KABURETA YA BABU

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi ya Sungura. Nimeleta kabureta. Msicheke! Kifaa hiki kidogo karibu kinikoseshe karo.

Nyumbani kwetu Kinangop, babu ana pikipiki kuukuu aina ya Honda CG125. Pikipiki za aina hiyo zilianza kutengenezwa mwaka wa 1976, na injini nyingi za bodaboda tuzionazo leo zimeigwa kwake. Hiyo ndiyo hupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea kabla ya saa mbili asubuhi, na maziwa hayo ndiyo karo yangu. Likizo ya Agosti nilimkuta babu ametoka hospitalini baada ya miezi miwili. Pikipiki ilikuwa imesimama muda huo wote. Nilipiga kiki mpaka jasho likanitiririka. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Maziwa ya siku hiyo yakalala nyumbani.

Je, kabureta hufanya kazi gani? Petroli haiwaki vizuri injinini mpaka ichanganywe na hewa, takribani gramu 15 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Kumbukeni somo la Fizikia: hewa ikipita mahali pembamba hukimbia zaidi na shinikizo lake hupungua. Hapo petroli hufyonzwa kutoka kwenye kibakuli cha chini, ikapitia vijitundu viitwavyo jeti na kutawanyika kama ukungu. Ndani ya kibakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma kisindano kifunge njia, sawa na tangi la choo cha kuvuta maji.

Jeti ni mbili. Kubwa hufanya kazi ukivuta mafuta kwa nguvu. Ndogo huilisha injini inaponguruma polepole. Tundu la hiyo ndogo halipitishi hata sindano ya kushonea. Petroli ikikaa sana hukauka na kuacha uchafu unaonata kama gundi, nalo tundu huziba.

Mimi kwa ujuaji wangu nilichukua waya nikalichokoa. Pikipiki ikawaka! Nikajipiga kifua. Lakini baada ya siku tatu moshi ukawa mweusi, plagi ikajaa masizi, na petroli ikawa inakwisha ovyo. Babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, tunanunua petroli ili tuuze maziwa, ama tunauza maziwa ili tununue petroli?" Nikanyamaza kama maji mtungini.

Mzee mmoja, fundi wa jua kali pale sokoni, aliitazama akacheka. "Kijana, hii haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imeziba pua tu. Sasa wewe umeipasua hiyo pua!" Jeti ni ya shaba, na shaba ni laini, waya huipanua. Jeti mpya ilimeza pesa za maziwa ya siku mbili. Kisha mzee akanifunza hivi:

1. Fanya kazi nje, mbali na jiko, koroboi na sigara, maana mvuke wa petroli hushika moto upesi. Funga koki ya tangi kwanza.

2. Skrubu ndogo ya kurekebisha hewa izungushe ndani polepole hadi iguse, ukihesabu mizunguko, uandike. Ukiirudisha, ifungue idadi ileile. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake itaharibika.

3. Toa jeti kwa bisibisi inayoenea barabara. Ziloweke katika petroli safi, uzipulize kwa pampu ya baiskeli. Tazama juani: ukiona mwanga wa mviringo, tundu limezibuka. Waya ni mwiko!

4. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia petroli ikichezacheza ndani, limetoboka.

5. Safisha tangi na chujio. Kutu ikibaki huko juu, kesho utakuwa palepale.

Dalili nazo husema. Injini ikiwaka kwa choki na kuzima ukiiondoa, shuku jeti ndogo. Petroli ikidondoka chini, shuku kisindano au boya. Plagi ikiwa nyeusi na kavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Kama pikipiki itasimama kwa wiki nyingi, funga koki, uiache injini ingurume hadi ijizimie yenyewe. Kibakuli kitabaki karibu kikavu, na gundi haitapata nafasi kubwa. Lau tungejua hivyo babu alipougua, hata mzee wa sokoni nisingemjua.

Leo pikipiki huwaka kiki ya pili, na karo ya muhula huu imelipwa. Ile jeti niliyoiharibu ninayo katika sanduku langu bwenini. Kila nikitaka kulazimisha jambo, huitazama. Haraka haraka haina baraka, wenzangu.