Kiegemeo cha kichwa si mto wa kulalia, ni kinga ya shingo ya msafiri

Mfanyabiashara anayevuka mpaka hukagua mambo mengi kabla ya kupanda gari. Huhesabu marobota yake, huhakikisha kitambulisho na karatasi za forodha zipo, hutazama matairi na hata kumchungulia dereva kama amelala vya kutosha. Kitu kimoja kilicho nyuma ya kisogo chake hakikagui. Akikigusa, mara nyingi ni kukilaza zaidi ili apate usingizi, au kukichomoa kabisa ili gunia moja zaidi lienee.

Kitu hicho ni kiegemeo cha kichwa, ambacho mafundi wengi hukiita hedresti. Kwa kuwa ni laini na kimewekwa mahali ambapo kichwa huangukia mtu akisinzia, wasafiri wengi hukichukulia kama mto. Wahandisi waliokibuni hawakukikusudia hivyo. Katika kanuni za usalama za Marekani na Ulaya jina lake ni kizuizi cha kichwa, na kazi yake ni moja: kuizuia shingo isivunjwe nguvu pale gari linapogongwa kwa nyuma.

Kwa wanaoishi kwa safari za Malaba, Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo, ajali ya aina hiyo si jambo la mbali. Njia za mipakani zina foleni ndefu za malori, matuta, vituo vya mizani na vizuizi vya polisi. Gari la mbele husimama ghafla, na la nyuma, lenye mzigo mzito au breki zilizochoka, huchelewa kusimama.

Shingo inavyojipinda

Gari likigongwa nyuma husukumwa mbele, na siti husukuma mgongo wa aliyeketi. Kiwiliwili huondoka pamoja na siti. Kichwa, chenye uzito wa kilo nne na nusu hivi kwa mtu mzima, hubaki kilipokuwa. Shingo iliyo katikati hulazimika kujipinda mfano wa herufi S, kwa kuwa pingili za chini zimekwisha kwenda mbele wakati za juu bado zinachelewa. Kisha kichwa hutupwa nyuma, halafu mbele. Yote hayo hutokea kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla misuli haijapata nafasi ya kujikaza.

Si lazima mwendo uwe mkali. Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari barani Ulaya, imekuwa ikijaribu viti kwa mshtuko unaolingana na gari kuongezewa ghafla mwendo wa kilomita 16 na 24 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari kwenye foleni. Bampa linaweza kubonyea kidogo tu, lakini aliyekuwa ndani akabaki na maumivu ya shingo, kichwa na mabega kwa wiki au miezi kadhaa.

Kiegemeo kikiwa karibu na kichwa, na kikiwa juu vya kutosha, kichwa huanza kusukumwa mbele karibu wakati uleule na mgongo, na ule mpindo wa herufi S hupungua sana. Kikiwa chini, usawa wa shingo, hakikamati kichwa. Kichwa huweza kupinda nyuma kupitia juu yake.

Funzo la Marekani

Wazo la kiegemeo ni la zamani. Benjamin Katz, mkazi wa Oakland, California, aliomba hataza ya kifaa hicho mwaka 1921. Ilichukua karibu nusu karne kabla serikali kukilazimisha. Kuanzia Januari 1, 1969, magari madogo mapya yanayouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na viegemeo kwenye siti za mbele, vinavyofika takribani sentimita 70 kutoka usawa wa nyonga ya aliyeketi.

Watengenezaji walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuurefusha mgongo wa siti ili kiegemeo kiwe sehemu yake, kisichosogea. Ya pili ni kuweka kiegemeo kinachopanda na kushuka. Kwa haraka, njia ya pili inaonekana bora, kwani watu hawalingani kimo. Lakini tathmini ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1982, ilionyesha kinyume. Viegemeo visivyosogea vilipunguza hatari ya kujeruhiwa katika ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 17. Vinavyorekebishwa vilipunguza kwa asilimia 10 tu.

Sababu ilikuwa kwa mtumiaji. Watu wengi waliviacha viegemeo vikiwa vimeshushwa hadi chini, kama vilivyotoka dukani. Uwezo wa kurekebishwa ulikuwepo, ila hakuna aliyerekebisha.

Tangu hapo kazi ya mbunifu imebadilika. Hatakiwi tu kutengeneza kiegemeo kinachopanda, bali kinachomlinda hata yule asiyekigusa. Kanuni mpya ya Marekani iliyotolewa mwaka 2004 ilidai kiegemeo cha siti ya mbele kisishuke chini ya sentimita 75, na kiweze kufika angalau sentimita 80. Pia iliweka kikomo cha nafasi kati ya kisogo na kiegemeo, sentimita 5.5, na ikataka kiegemeo kijifunge mahali kilipowekwa, kisishuke chenyewe kikipokea nguvu.

Kilichomo ndani

Ukivua kitambaa na sponji, utakuta fremu ya chuma na vyuma viwili vya mviringo vinavyoshuka kwenye mgongo wa siti. Vyuma hivyo hupita ndani ya bushi za plastiki. Kimoja huwa na mikato, na kwenye bushi yake kuna kitufe chenye springi. Kitufe kikibonyezwa, kiegemeo hushuka. Kikiachwa, ulimi mdogo huingia kwenye mkato na kukikamata. Baadhi ya viegemeo hupinda pia mbele na nyuma kwa meno madogo yaliyofichwa ndani.

Kanuni za Ulaya na Marekani hutaka mfumo huo mzima uvumilie nguvu ya niutoni 890, sawa na uzito wa takribani kilo 90, bila kung'oka. Upande wa nyuma nao hupimwa, kwa sababu gari likigonga mbele, uso wa abiria wa siti ya nyuma huweza kuangukia hapo. Ndiyo maana skrini ya video iliyofungwa kiholela nyuma ya kiegemeo huongeza hatari, maana palipokusudiwa kuwa laini pamewekwa kioo na plastiki ngumu.

Ipo pia hadithi inayozunguka kwenye simu kwamba kiegemeo hutengenezwa kikiweza kuchomolewa ili vyuma vyake vivunje kioo wakati wa dharura. Vyuma hivyo vinaweza kusaidia mtu akikwama, lakini hilo silo kusudio. Kiegemeo huchomoka ili siti iweze kukunjwa, kusafishwa au kufungiwa kiti cha mtoto.

Mvutano kati ya usalama na starehe

Mbunifu hupambana na malalamiko kutoka pande zote. Kiegemeo kikiwa kirefu na kipana, dereva haoni vizuri akitazama nyuma. Kikiwa karibu mno, aliyeketi huhisi kichwa kinasukumwa mbele. Mwenye nywele zilizofungwa kisogoni, kilemba au rasta nene hukerwa zaidi, na wapo wanaokichomoa kiegemeo na kukirudisha kikitazama nyuma. Kwa kufanya hivyo hupata nafasi ya nywele, lakini nafasi hiyohiyo ndiyo inayoiumiza shingo.

Kampuni mbili za Sweden zilijaribu kuondoa mzigo huo mabegani mwa mtumiaji. Saab ilileta katika gari lake la 9-5, mwaka 1997, kiegemeo kinachojisogeza chenyewe: mgongo wa mtu ukikandamiza siti wakati wa ajali, wenzo uliomo ndani hukisukuma kiegemeo juu na mbele kukutana na kichwa. Volvo, katika S80 ya mwaka 1998, iliifanya siti yenyewe irudi nyuma kwa mpangilio na kumeza sehemu ya nguvu. Katika viti vingi vya mbele vya Volvo, kiegemeo hakisogei kabisa. Mbunifu amekwisha kuamua kimo kinachofaa.

Lakini kinachomfaa nani? Kwa miaka mingi viti vilipimwa kwa sanamu ya majaribio yenye umbo la mwanamume wa wastani. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kuwa wanawake huumia shingo katika ajali za kugongwa nyuma zaidi ya wanaume. Mwaka 2022, timu ya mhandisi Astrid Linder wa taasisi ya utafiti wa barabara ya Sweden, VTI, ilitambulisha sanamu ya mwanamke wa wastani kwa ajili ya majaribio hayo, yenye kimo cha sentimita 162 na uzito wa kilo 62. Hilo lina uzito katika ukanda huu, ambako wanawake ni sehemu kubwa ya wafanyabiashara wadogo wanaovuka mipaka.

Magari ya njia zetu

Magari mengi yanayobeba wafanyabiashara hawa ni mitumba inayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, kisha kusambaa hadi Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma. Huja na viegemeo vilivyopimwa kiwandani. Kinachofuata ndicho huharibu kazi ya mbunifu.

Siti za nyuma hukunjwa kupisha mzigo, viegemeo vikachomolewa na kuachwa nyumbani au kutupwa chini ya mizigo. Safari ya kurudi siti huinuliwa, abiria wakakaa, viegemeo havimo. Kava za siti zinazobana hufunika kitufe, na kiegemeo hubaki palepale miaka yote. Dereva mwenye maumivu ya kiuno huongeza mto wa kukalia, na kwa kujiinua sentimita chache hukiacha kiegemeo kikiwa chini ya kisogo chake. Katika magari yaliyoongezwa siti na mafundi, baadhi ya viegemeo huwa ni sponji iliyoshonewa kitambaa, bila fremu wala cha kukifunga. Hicho ndicho mto kweli.

Anayenunua kiegemeo cha mtumba apime vitu viwili kabla ya kulipa: unene wa vyuma na umbali kati yake. Vipimo hutofautiana kutoka aina moja ya gari hadi nyingine. Chuma chembamba kuliko bushi kitacheza, na chenye mikato isiyolingana na ulimi hakitajifunga. Jaribio ni rahisi: kiinue, kisha kikandamize kwa mikono miwili bila kubonyeza kitufe. Kikishuka, hakifai.

Kukirekebisha

Kipimo kinachofaa hakihitaji fundi. Ncha ya juu ya kiegemeo ilingane na utosi. Kama hakifiki, kiwe angalau juu ya masikio. IIHS, taasisi ya Marekani inayoendeshwa kwa fedha za kampuni za bima, huhesabu kuwa nzuri nafasi isiyozidi sentimita 7 nyuma ya kichwa, yaani karibu upana wa vidole vinne. Nafasi ikizidi, njia ya haraka ni kuuinua mgongo wa siti. Kadiri siti inavyolazwa, ndivyo kichwa kinavyoachana na kiegemeo. Anayetaka kusinzia safarini ailaze kidogo tu.

Mto wa shingo unaouzwa stendi nao utazamwe. Ukiwa mnene kisogoni huleta kichwa mbele, mbali na kiegemeo. Ulio mwembamba nyuma na mnene pembeni hauna tatizo hilo.

Iwapo ajali imetokea, msafiri asipime afya yake kwa jinsi anavyojisikia saa ileile. Maumivu ya shingo huweza kuanza saa kadhaa baadaye au siku ya pili, wakati amekwisha kuvuka mpaka na gari lililomgonga limekwenda zake. Aandike namba za magari, aripoti polisi na kuomba fomu ya matibabu, ambayo ni PF3 kwa Tanzania na P3 kwa Kenya. Kama gari alimokuwa lilivuka likiwa na Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ambao Tanzania nayo imo, bima hiyo inahusu pia gharama za matibabu ya dereva na abiria. Lakini dai lisilo na karatasi za siku ya ajali ni gumu kulithibitisha katika nchi ya pili.

Gharama ya kurekebisha kiegemeo ni sekunde chache kabla gari halijaondoka, pale ambapo mizigo bado inafungwa na nauli haijalipwa. Anayeona kiegemeo hakipo amuulize dereva hapohapo kilipo, maana mara nyingi kimo kwenye gari hilohilo, chini ya magunia.