Tundu la pini tisa nyuma ya mashine ya damu

Mtoto wa miaka mitatu ameletwa kwenye kituo cha afya huko Cimpunda, mtaa wa Bukavu. Mwili unamwaka moto kwa malaria, viganja vimepauka. Mashine ya maabara inaonyesha hemoglobini 4,8. Mtu ananakili namba hiyo kwenye daftari, kisha kutoka daftari hadi kwenye fishi ya mgonjwa, na njiani 4,8 inageuka 8,4. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini yeyote aliyewahi kunakili namba kwa mkono huku foleni ikifika mlangoni anaujua. Na uzito wake ni mkubwa: kwa mtoto wa eneo lenye malaria nyingi, hemoglobini ikishuka chini ya gramu 5 kwa desilita, damu ya kumwongezea hutafutwa haraka. Kwa 8,4 hakuna anayekimbia.

Mara nyingi njia ya kuepuka kunakili iko nyuma ya mashine yenyewe. Ni tundu dogo lenye pini tisa, limejaa vumbi, halijawahi kuchomekwa kitu. Mafundi huliita siriali, au kwa jina la kanuni yake, RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960.

Ukoo wa tundu hilo umekutana na tiba tangu zamani. Mwaka 1962 Wesley Clark na wenzake wa MIT waliunda LINC, kompyuta iliyokusudiwa maabara za utafiti wa tiba. Mwaka 1965 kampuni ya Digital ikatoa PDP-8 kwa dola 18.000, bei ndogo kwa enzi zile. Kati ya 1966 na 1967, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, lugha ya MUMPS ikaandikwa juu ya PDP-7 ili kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mashine hizo ziliitwa ndogo, ingawa zilijaza kabati. Zilizungumza na nje kwa waya, herufi moja baada ya nyingine.

Wanaozifufua leo na kutaka kuziingiza kwenye mtandao hupitia yale yale yatakayomkuta fundi atakayeunganisha mashine ya damu ya Cimpunda. Taipureta ya ASR-33 iliyofungwa kwenye PDP-8 ilipokea herufi 10 tu kwa sekunde, tena kwa mkondo wa miliampea 20, si kwa volti za RS-232, hivyo kigeuzi kinahitajika katikati. Mashine za Digital za miaka ya 1980 zilizokuwa na kadi ya Etheneti ni rahisi zaidi: kigeuzi kidogo kwenye tundu la pini 15 huziunganisha na swichi ya kawaida, kwa kuwa swichi nyingi bado zinakubali mwendo wa megabiti 10 kwa sekunde.

Turudi kwenye mashine ya damu. Volti ndizo za kuogopwa kwanza. RS-232 hutuma moja kwa volti hasi, kati ya 3 na 15, na sifuri kwa volti chanya za kiasi hicho. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi huvumilia volti 3,3 tu kwenye pini zake. Ukiunganisha waya moja kwa moja, unaiunguza. Tumia waya wa kigeuzi kutoka siriali hadi USB, au kisanduku kinachopokea siriali upande mmoja na kutoa Etheneti upande wa pili. Kisha tazama nyaya: kwenye tundu la kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, ya 5 ni ya pamoja. Vifaa viwili vikituma kwenye waya uleule hakuna anayesikia, na hapo 2 na 3 hupishanishwa. Mwendo, mara nyingi biti 9600 kwa sekunde, lazima ufanane pande zote mbili. Usipofanana, skrini hujaa herufi zisizosomeka.

Mashine nyingi za maabara pia zina adabu ya mazungumzo. Hubisha hodi kwanza na kungoja jibu hadi sekunde 15. Zikijibiwa hutuma matokeo kwa vipande, kila kipande na hesabu yake ya uhakiki. Kipande kikiharibika, kompyuta huomba kirudiwe. Daftari halina ulinzi wa namna hiyo.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaporudi baada ya delestaje, yaani mgao, huweza kurudi kwa kishindo. Ikiwa mashine na kompyuta zinatumia soketi mbili zisizo na masi nzuri, mkondo huweza kupita kwenye ile pini ya 5 na kuua zote mbili. Kigeuzi chenye kitenganishi cha mwanga kina bei kubwa zaidi, lakini ningekinunua kabla ya kitu kingine. Mashine hizi pia hazijui nywila. Zisiunganishwe moja kwa moja na intaneti. Kompyuta ikae katikati, ilinde majina ya wagonjwa.

Wiki za mwanzo daftari libaki mezani, na kila tokeo la skrini lilinganishwe na karatasi. Angalieni hasa alama ya desimali. Kompyuta zetu huwekewa Kifaransa na kusubiri 4,8, wakati mashine hutuma 4.8, na programu isiyoandaliwa huweza kusoma 48. Fanyeni jaribio la alama hiyo kwa sampuli ya mtu mwenye upungufu wa damu, kabla mgonjwa wa kwanza hajapimwa.