Bendera za Ugenini Mitaani Belfast

Mgeni akipita Falls Road mjini Belfast, Ireland Kaskazini, huenda akajiuliza yuko nchi gani. Bendera za Palestina zinapepea kwenye nguzo za taa, na kuta zimejaa michoro ya Gaza. Akivuka ukuta unaotenganisha mtaa huo wa Wakatoliki na Shankill Road ya Waprotestanti, atakuta nguzo zimetundikwa bendera ya Israel. Pilipili wasiyoila yawawashiani?

Jibu liko kwao wenyewe. Wengi wa Falls wanataka Ireland Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, iungane na Jamhuri ya Ireland. Wakimtazama Mpalestina, wanamwona mtu aliyenyang'anywa ardhi kama babu zao. Tena Arthur Balfour, ambaye tamko lake la 1917 liliunga mkono makao ya Wayahudi Palestina, ndiye aliyekuwa waziri wa Uingereza wa mambo ya Ireland kuanzia 1887, na ukali wake ulimpa jina la "Balfour wa Damu". Watu wa Shankill, watiifu kwa taji la Uingereza, hujiona wamezingirwa na maadui. Israel kwao ni nchi ndogo isiyowapigia magaidi magoti. Na tuseme ukweli: mara nyingine bendera hupandishwa ili kumkera jirani tu.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Robert Briscoe, Myahudi wa Dublin aliyeisafirishia silaha IRA, jeshi lililopigania uhuru wa Ireland, aliwasaidia waziwazi Wazayuni, waliotaka taifa la Wayahudi Palestina. Yitzhak Shamir, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israel, alipokuwa akipigana na Waingereza huko Palestina alijiita "Michael" kwa heshima ya Michael Collins, shujaa wa Ireland. Adui alikuwa mmoja. Baada ya vita vya 1967, Israel ilipoikalia Gaza na Ukingo wa Magharibi, wengi wa Falls walianza kuiona kama walivyoiona Uingereza.

Huruma kwa Wapalestina si ya kuigiza. Wapo wanaolia kwa dhati na watoto wa Gaza, wakiwamo Waprotestanti. Ila ugomvi wa nyumbani ndio unaoamua ni machozi ya nani yatakayoonekana kwanza.

Ugomvi huo umegusa hata kumbukumbu ya Chaim Herzog, rais wa Israel kuanzia 1983 hadi 1993, aliyezaliwa Belfast. Kibao cha kumbukumbu kwenye nyumba alimozaliwa kiliondolewa mwaka 2014 baada ya kushambuliwa. Lakini baba yake, rabi Yitzhak Herzog, alikuwa akiunga mkono uhuru wa Ireland.