Ua la mukuba: majani yenye yanajua udongo wetu

Mutu wa Kenya ao wa Katuba akisikia neno mukuba, anawaza shimo, mifuko na bei ya leo. Lakini kabla ya mashine kufika, mukuba ulikuwa na alama yake juu ya udongo. Unatembea mu pori, miti iko mingi, halafu unafika ku mulima fulani na miti inaisha. Kunabaki tu majani mafupi na maua madogo. Wazee wenye waliyeyusha mukuba na kutengeneza misalaba walichimba ku milima ya namna ile.

Juu ya nini miti inaisha? Mukuba na kobalti zikizidi mu udongo, zinakuwa sumu. Miti ya pori haiwezi kusimama pale. Majani yenye yamezoea ile sumu njo yanabaki. Moja yao, Haumaniastrum katangense, ni ya ukoo wa lumba-lumba, na watu wa jiolojia walilipa jina "ua la mukuba". Linaota hata pale wazee waliyeyusha mukuba zamani sana, sababu udongo wa pale unashika ile sumu hata leo.

Mu mwaka 1958, Mubelgiji Paul Duvigneaud alichapisha kazi kubwa juu ya majani ya Katanga na udongo wake wa madini. Nyuma yake François Malaisse alifundisha hapa Lubumbashi miaka mingi na kutembea milima hiyo mumoja-mumoja. Leo tunajua kama milima ya mukuba iko na aina ya majani kupita 600, na zaidi ya 30 kati yao haziko fasi ingine yoyote mu dunia.

Hapa njo kuko shida. Mulima wenye maua njo mulima wenye madini. Étoile, yenye wazee wanaita Kalukuluku, ilianza kuchimbwa mu 1911. Kisha kukaja Ruashi, Kambove, Fungurume na ingine mingi. Udongo wa juu, wenye mbegu na mizizi, njo wa kwanza kutolewa. Na ua halina fasi ya kukimbilia: kila mulima iko kama kisiwa, pembeni yake udongo ni mwingine. Ku Tenke Fungurume, kampani na watafiti wamejaribu kuhamisha majani pamoja na udongo wake na kuweka mbegu akiba. Ni kazi ya polepole, na haiwezi kurudisha mulima wote.

Mu ville mambo yalienda kinyume. Kiwanda cha kuyeyusha mukuba kilianza mu 1911, na moshi wake ulisukumwa na upepo upande wa Penga Penga miaka mingi. Miti ilikufa, udongo ukabaki wazi, mvua ikaubeba. Ku saison ya kiangazi, vumbi yenye metali inaingia mu nyumba. Mu 2009, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven walionyesha kama watu wenye wanaishi karibu na migodi na viwanda wako na kobalti nyingi mu mukojo, zaidi sana watoto.

Wakati huu majani ya milima ya mukuba yalisaidia. Watafiti wa Universite ya Lubumbashi walipanda ku Penga Penga jani fupi linaitwa Microchloa altera, wakatia chokaa na mbolea ya takataka zilizooza. Pale udongo ulikuwa wazi kabisa, jani lilishika. Haliondoi sumu, lakini linaifunga chini: vumbi inapunguka, na mvua haichukui udongo.

Mama mwenye kupalilia kiwanja chake karibu na kiwanda ajue hili: majani mafupi yenye yameshika asiyakwangue. Lengalenga aipande ku udongo wenye ulitoka mbali, na aioshe vizuri, juu vumbi inakaa ku majani.

Na mukijiji wenye kampani inakaribia, kanuni ya madini ya 2018 inaomba mapatano, ile cahier des charges. Watu wanauliza shule, maji, barabara, na ni haki yao. Waongeze swali moja: udongo wa juu wa mulima wetu mutauweka wapi, na mbegu zake nani atazichunga? Swali hilo linaulizwa mbele ya mashine kupanda, juu kisha ile siku hakuna tena kitu cha kuchunga.